Nasaha kwa Mhandisi Aliyekabidhiwa Saini

Iko siku katika maisha ya mhandisi wa mitambo ambayo hufika bila hodi, nayo ni siku ile wenzake wanapoacha kumuuliza hesabu imetoka ngapi wakaanza kumuuliza kama yu tayari kutia saini. Hadi jana alikuwa akipewa ukubwa wa chumba, idadi ya watu na upande wa jua, naye akirudisha jibu la kilowati. Leo michoro ya jengo zima imetandazwa mbele yake, na msanifu, mkadiriaji na mwenye mali wote wanamtazama yeye, kwa kuwa neno lake ndilo litakaloamua jengo hilo litakula umeme kiasi gani na litatoa hewa ukaa kiasi gani kwa miaka thelathini au arobaini, pengine hata baada ya yeye mwenyewe kustaafu. Nasaha hizi nawaandikia waliofikiwa na siku hiyo, hasa wale ambao majengo yao yamo katika pwani yetu na visiwa vyake, kwa maana huko ndiko nilikoizoea kazi hii, na huko ndiko makosa yake yanakojidhihirisha upesi.

Watu wanaposikia habari za majengo yenye kaboni ndogo, fikira zao hukimbilia vyombo: paneli za jua juu ya paa, pampu joto ya namna mpya, vipima joto vinavyopeleka habari katika simu ya mwenye nyumba. Sivilaumu vitu hivyo, kwani vyote nimepata kuvitumia na baadhi yake vimenifaa sana. Shirika la Kimataifa la Nishati hukadiria kwamba matumizi ya majengo huchukua takriban asilimia 30 ya nishati inayotumiwa na wanadamu, pamoja na zaidi ya robo ya hewa ukaa itokanayo na nishati, na mzigo wa kadiri hiyo hauwezi kupunguzwa bila vyombo vizuri. Lakini miaka ya kuchora na kusimamia imenithibitishia kwamba sehemu kubwa ya mzigo wa jengo huamuliwa kabla mtambo haujatajwa, na kwamba mhandisi mwandamizi anastahili cheo chake kwa mitambo aliyoifanya isihitajiwe kuliko kwa ile aliyoifunga.

Basi jambo la kwanza ni kuwahi. Mwombe msanifu akuite wakati jengo lingali mistari ya penseli, wala usione haya kuingia katika mambo ambayo desturi imeyatenga kuwa yake. Dirisha la kioo kitupu linalotazama magharibi hupokea jua la saa kumi alasiri likiwa limeinama, likapita chini ya kibaraza cha juu kana kwamba hakipo. Na pazia la ndani, ambalo wengi hulitumaini, huzuia macho ya wapita njia kuliko joto, kwa kuwa joto limekwisha kuvuka kioo na sehemu yake kubwa haina njia ya kutoka. Dawa ya dirisha hilo ni kuligeuza jengo, au kupunguza kioo, au kusimamisha vizuizi vya wima upande wa nje. Kila moja ya dawa hizo haina gharama kubwa wakati wa penseli, na kila moja huwa ghali au haiwezekani tena wakati zege limekwisha kumwagwa. Nimewahi kuona mazungumzo ya nusu saa na msanifu mwenye subira yakiondoa mzigo ambao hakuna kiyoyozi, hata kiwe cha bei gani, kingeuondoa bila kuulipia umeme kila siku.

Wazee waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja waliyajua haya kwa uzoefu. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa nene, vyumba vyao vilikuwa vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko, vichochoro vyao vilitiliana kivuli, na paa zao za juu ziliupokea upepo wa kusi na wa kaskazi kila mmoja kwa majira yake. Sisemi turudi kuishi walivyoishi wao, maana hawakuwa na ofisi yenye watu hamsini na tarakilishi hamsini katika ukumbi mmoja. Nasema kwamba mhandisi wa pwani asiyeweza kueleza kwa nini sebule ya nyumba hizo hupoa bila mtambo, hajawa tayari kuueleza mtambo wenyewe.

Sasa nije katika jambo ninalotaka kulikalia kwa muda, nalo ni unyevu. Mwaka 1902 kijana mmoja wa Marekani, Willis Carrier, akiwa na umri wa miaka 25, aliitwa kukisaidia kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn ambacho karatasi zake zilivimba na kusinyaa kwa mabadiliko ya hewa, hata rangi moja ikawa haiangukii pale ilipoanguka rangi iliyotangulia. Mtambo alioubuni, ambao ndio watu wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa viyoyozi vya zama zetu, ulikusudiwa kwanza kuyatawala maji yaliyomo hewani. Miaka tisa baadaye aliwatolea wahandisi wenzake kanuni za hewa na unyevu ambazo chati yake tungali tunaitumia. Lakini katika nchi zetu chombo kile kilipofika kilikwisha kupewa jina la baridi, na tangu hapo mteja huomba baridi, muuzaji huuza baridi, na mhandisi asiye makini hupiga hesabu ya baridi.

Tazama hesabu yenyewe. Hewa ya alasiri ya Februari mjini Dar es Salaam, ikiwa na nyuzi 32 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 70, hubeba gramu 21 za maji katika kila kilo. Hewa tunayoitaka ndani, ya nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55, hubeba gramu 10 hivi. Kuishusha kilo hiyo moja nyuzi nane hugharimu kilojuli 8. Kuikamua gramu 11 za maji hugharimu kilojuli 27, zaidi ya mara tatu. Chukua ofisi ya watu hamsini, umpe kila mtu lita 10 za hewa safi kwa sekunde kama inavyostahili: mtambo wako utalazimika kuyatoa katika hewa hiyo maji yapatayo lita 22 kila saa, yaani ndoo nzima na zaidi, kabla hujahesabu jasho na pumzi za watu wenyewe. Mwambie mteja habari ya ndoo hiyo. Nimeona wateja ambao hawakujali kabisa nilipotaja asilimia za unyevu wakiinua vichwa niliposema ndoo moja kila saa.

Kosa langu kubwa katika kazi hii lilitokana na kutoiheshimu ndoo hiyo. Nilichagua mtambo kwa ofisi moja ya mji wa pwani, ambayo sitaitaja, nikaongeza ukubwa wake kwa hadhari, na mwenye mali akafurahi kwa kuwa chumba kilipoa katika muda mfupi sana. Na huko kupoa upesi ndiko kulikokuwa maradhi. Mtambo mkubwa kupita haja hukifikisha chumba katika nyuzi zilizowekwa kabla haujapata wasaa wa kukamua maji, kisha hujizima. Feni ikaendelea kuzunguka na kuyarudisha chumbani maji yaliyobaki juu ya mabati yake. Kompresa ikawaka tena, ikazima tena, mchana kutwa. Baada ya mvua za masika kupita, majalada ya ofisi ile yalikuwa yameota kuvu, na wafanyakazi walikuwa wakivaa sweta ndani ya chumba chenye harufu ya pango. Wenyewe walikwisha kushusha kidhibiti hadi nyuzi 18, wakitafuta kwa baridi kile kilichopotea kwa unyevu, na ankara ya umeme ikawa inapanda kila mwezi.

Nilipokaa kuichunguza hesabu yangu niliona kwamba hakuna mtu mmoja aliyekosa sana. Kijana aliyepiga hesabu ya mzigo aliongeza asilimia 10, kwa kuwa hakuwa na yakini na idadi ya watu. Mimi niliongeza 15 juu yake kwa ada ya kazi. Mkandarasi akaongeza 20, asije akalaumiwa. Muuzaji, kwa kukosa ukubwa ule hasa katika ghala lake, akaleta uliofuata, uliozidi kwa asilimia 25. Zidisha nyongeza hizo nne, utapata mtambo unaokaribia maradufu ya haja, na kila mmoja wetu alikuwa amelala usingizi wa mtu mwenye hadhari. Tangu siku hiyo nimeifanya sheria katika michoro ninayoisimamia kwamba nyongeza ni moja tu, iandikwe mahali pamoja, ikiwa na jina la aliyeiweka na sababu yake. Na anayetaka kuiongeza aje anieleze ana kwa ana. Ukipenda kuchukua kitu kimoja tu katika makala haya, chukua hicho.

Njia iliyonyooka kwa majengo ya pwani, kwa maoni yangu, ni kuzitenga kazi hizi mbili. Hewa safi iingie kupitia chombo chake chenyewe, ipite kwanza katika gurudumu la kubadilishana joto na unyevu na ile inayotoka, kisha ikaushwe kwa maji baridi sana; na vyumba, vikishapata hewa kavu, vipozwe kwa maji ya nyuzi 16 au zaidi, ambayo hayafikii kiwango cha umande. Kwa kawaida mtambo wa kupoza maji, ambao mafundi wetu huuita chila, hupunguza umeme kwa asilimia 2 au 3 kwa kila nyuzi moja unayoruhusu maji yake yawe na joto zaidi. Lakini nakuhadharisha: mpango huu hausamehe mlango ulioachwa wazi. Jengo ambalo watu wake hufungua madirisha wakati wowote wapendao litatoa umande darini, na lawama itakurudia wewe, tena kwa haki.

Zungumza pia na wateja juu ya nyuzi zenyewe. Povl Ole Fanger wa Denmark, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilizifunza ofisi za dunia nzima namna ya kukisia raha ya mwili, aliwapima watu waliokaa katika vyumba vya majaribio. Watafiti waliofuata, wakiwaendea watu makazini mwao, wakiwemo Michael Humphreys na Fergus Nicol wa Uingereza, walibainisha kwamba mwili na mavazi huizoea nchi, na kwamba aliyezoea joto huona raha katika nyuzi ambazo mwingine angezilalamikia. Feni ya darini inayokula wati hamsini au sitini humwezesha mtu kukaa kwa raha katika nyuzi 26 au 27 pale ambapo bila feni angedai 24. Mashirika mengi ya kwetu hudhani feni ni dalili ya umaskini. Dhana hiyo inagharimu umeme mwingi, na ni wajibu wako kuipinga kwa adabu na kwa hesabu.

Liko kosa jingine ambalo huwapata zaidi waliosoma sana, nalo ni kuhamisha jibu la mji mmoja hadi mji mwingine. Jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, husifiwa katika kila darasa kwa kupoa bila viyoyozi vya kawaida kwa mfano wa kichuguu, na sifa hizo ni za haki. Lakini Harare iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, usiku wake hupoa sana, na zege la jengo lile huoshwa kwa hewa baridi ya usiku ili mchana lipokee joto la watu. Usiku wa Februari huko Tanga au Mombasa haushuki sana chini ya nyuzi 25, na hewa yake imejaa maji. Ukiivuta usiku kucha utakuwa umeinywesha nyumba unyevu. Nairobi yaweza kujifunza kwa Harare, na jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011 limeonyesha jinsi hewa ya asili inavyoweza kutosha huko. Dodoma wakati wa kiangazi yaweza kupoza hewa kwa kuilowesha maji. Pwani haiwezi mawili hayo, na anayewaahidi watu wa pwani kichuguu cha Harare anawaahidi kitu ambacho hewa yao haina.

Juu ya gesi za mitambo ningependa usikilize kwa makini, kwa sababu hapa mhandisi mwandamizi hutia saini madhara asiyoyaona. Mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kuongeza katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 sharti la kupunguza gesi ambazo, ingawa haziliharibu tabaka la ozoni, hulipasha joto anga kwa nguvu nyingi. Kilo moja ya R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi vilivyofungwa miaka hii, ikivuja ni sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Ya R-32 ni sawa na 675. Ya propani, ambayo ni ndugu wa gesi tunayopikia majumbani, ni sawa na kilo chache tu, ila huwaka, na yahitaji fundi aliyefunzwa na mahali penye hewa. Nchini Kenya, ambako sehemu kubwa ya umeme hutoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, kilo chache za gesi zinazovuja kila mwaka zaweza kuhesabika pamoja na umeme wote wa mtambo mdogo. Na Tanzania, kwa kuwa sasa bwawa la Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115 limejiunga na gesi asilia, nayo inaelekea upande huo.

Kwa hiyo kuandika jina la gesi iliyo bora katika karatasi za zabuni hakutoshi. Andika kwamba mabomba yatachomelewa huku naitrojeni ikipita ndani yake, yatajaribiwa kwa mgandamizo wa naitrojeni na kuachwa usiku kucha, yatanyonywa kwa pampu mpaka kipimo kithibitishe, na gesi itapimwa kwa mizani ikiingia na ikitoka. Andika kwamba litakuwepo daftari la kila kilo iliyoongezwa. Kisha nenda ukaone. Fundi anayejaza gesi kila baada ya miezi mitatu bila kuutafuta mwanya hafanyi hivyo kwa ubaya. Aghalabu hakuna aliyemlipa kuutafuta, na huo ni upungufu wa mkataba ulioutia saini wewe.

Hoteli za ufukweni zina fursa ambayo hunisikitisha kila niionapo ikipotea. Mtambo unaoondoa kilowati 100 za joto vyumbani kwa kutumia kilowati 25 za umeme hutupa nje kilowati 125, na hatua chache kutoka hapo, katika hoteli hiyo hiyo, bwela la dizeli au la umeme huchemsha maji ya kuogea ya wageni. Joto lile linalotupwa lingeweza, kwa saa moja, kuyapasha lita zipatazo 6,000 kutoka nyuzi 27 hadi 45. Hatua iliyobaki, ya kuyafikisha nyuzi 60 katika tangi, ifanywe na pampu joto, wala isiachwe kwa kubana matumizi, kwa maana bakteria wa lejionela husitawi katika maji ya vuguvugu. Maradhi yao yalijulikana mwaka 1976 yalipowaua watu 29 waliohusika na mkutano mmoja mjini Philadelphia, Marekani. Kaboni ndogo isiyolinda uhai wa mgeni haina maana kwangu.

Mabomba na pampu nitayapitia kwa maneno machache, kwa kuwa vitabu vinayaeleza vizuri. Bomba la milimita 100 badala ya 80 hupunguza upinzani wa maji yale yale hadi theluthi moja. Pampu ikizungushwa kwa asilimia 80 ya mwendo wake, katika mfumo usio na mgandamizo wa kudumu wa kushinda, hutumia karibu nusu ya umeme. Mkadiriaji atakuomba upunguze bomba ili kuokoa fedha ya leo. Mwonyeshe hesabu ya miaka ishirini kabla hujakubali au kukataa.

Vijana walio chini yako wafunze kwa kuwachukua katika vyumba vya mitambo, si kwa kuwasahihishia michoro tu. Mpe kila mmoja tochi, daftari na kipima joto, umwache aguse bomba la kwenda na la kurudi, asikie kompresa inavyowaka na kuzima, aulize mlinzi wa usiku ni taa zipi na feni zipi zisizozimwa kamwe. Katika mambo hayo mlinzi hujua mengi ambayo kompyuta ya jengo haikuambiwa. Na yule kijana atakayekuja kwako kusema kwamba hesabu yako ina kosa, mkalishe, umsikilize mpaka mwisho, hata kama wageni wanangoja mlangoni.

Lililobaki ni ombi. Desturi ya kazi yetu ni kwamba mhandisi huondoka siku ya makabidhiano, hupeana mkono na mwenye mali, wala harudi ila kwa malalamiko. Nakuomba, ndugu yangu, uivunje desturi hiyo mara moja katika mwaka. Mwezi wa Februari ujao, saa nane mchana, chukua kipima unyevu uende katika jengo la mwisho ulilolitia saini, uketi katika chumba kilicho mbali kabisa na mtambo, uwaulize wanaokikalia wanaonaje, na usiondoke mpaka uwe umeandika jibu lao pamoja na kipimo chako.